Hongo ya Mazinde, Machungwa ya Michungwani

Abiria wa mabasi ya Moshi na Arusha wanaijua Korogwe kwa ulimi. Muulize mtu aliyesafiri njia ile nusu ya umri wake, atakutajia chipsi kuku, soda baridi, foleni ya msalani na konda anayepiga kelele, "Dakika kumi! Dakika kumi tu!" Mji wenyewe ukoje? Hapo ananyamaza. Handeni ndiyo kabisa. Kwa wengi wetu ni jina lililoandikwa kwenye kibao pale njia panda ya Mkata. Mshale unaelekea kushoto, basi haligeuki, tunaendelea kusinzia. Mimi nami nimekuwa miongoni mwa wasinziaji hao tangu utotoni.

Nilipopata likizo mwezi wa Julai nikamwomba mjomba anipeleke kushoto.

Mjomba si Mzigua wala Msambaa, lakini aliendesha mabasi ya njia ya Tanga mpaka alipostaafu, na barabara ile anaijua kwa matuta yake. Tulikwenda na gari lake, Spacio ya kijivu ambayo mlango wake wa nyuma hufunguliwa na yeye peke yake. Duara tulilopanga lilikuwa hivi: Mkata, Handeni, Korogwe, tusogee hadi Mombo na Mazinde, kisha turudi kwa njia ya Segera, Michungwani na Kabuku, tulifunge pale pale Mkata. Sharti lake lilikuwa moja. "Kila atakayenipungia mkono, nasimama," alisema. "Miaka yote niliwapita mbio, kwa sababu abiria wana haraka zao. Sasa ni zamu yangu."

Wamarekani wana barabara yao ya zamani, Route 66, iliyotoka Chicago hadi Santa Monica, na sifa yake kubwa ni vituko vya kando. Kuna nyangumi wa zege huko Catoosa, Oklahoma, kuna majitu ya plastiki yaliyosimamishwa mbele ya gereji na mikahawa, vituko vingi vikiwa pale ili dereva ashangae, akanyage breki, na akishashuka anunue kitu. Kati ya Mkata na Mazinde hakuna aliyejenga chungwa la zege. Lakini kazi ile ile ya kumsimamisha mpita njia inafanyika, tena ni kazi ya zamani zaidi kuliko Route 66, kama nilivyokuja kuona tulipofika Mazinde.

Chalinze tuliipita bila hadithi. Wami mjomba alipunguza mwendo juu ya daraja jipya, refu, akalitazama lile la zamani la njia moja, ambapo magari ya kwenda na kurudi yalikuwa yakisubiriana na malori yakishuka kilima kwa gia ya kwanza huku tanboi wameshika kabari mkononi. Hakusema neno mpaka ng'ambo. Baada ya hapo unaanza kuhesabu hamsini. Kila kijiji kina kibao chake cha mwendo wa 50, na kila baada ya vijiji kadhaa kuna trafiki mwenye tochi chini ya mti. Madereva wanaokuja wanakuwashia taa: ukiwashiwa mara moja unajua, na wewe unamwashia anayefuata. Ukarimu wa aina hii sijauona kwenye foleni za Dar es Salaam.

Mkata tukakata kushoto.

Kutoka hapo hadi Handeni ni kilomita 54 za lami nzuri na magari machache. Mandhari yake si ya kupigia picha za kalenda. Ni vilima vya wastani, vichaka, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mibuyu hapa na pale. Kilichonivuta ni biashara. Magunia ya mkaa yamesimama mawili mawili kando ya lami, yamevimba vichwa kwa majani na kufungwa kamba kwa urembo ambao mkaa hauuhitaji, na hapana mtu karibu. Unasimama, unapiga honi, unangoja. Baada ya kitambo kichaka kinachezacheza, mtoto anatokea, anataja bei, na ukianza kupunguza anasema hana ruhusa, mpaka amuite mama. Mama naye yumo kichakani, sauti yake unaisikia, mwenyewe humuoni. Mjomba alipatana bei na kichaka kile kwa muda mrefu, kisha hakununua, kwa kuwa gesi anayo nyumbani. Kichaka kilimtukana kidogo kwa Kizigua tukacheka sote.

Mbele zaidi wachuuzi waliinua kuku kwa miguu, wakainua kanga wa porini, wakainua asali ndani ya chupa zilizokuwa za vinywaji vikali. Palikuwa na vinu na michi mipya, myeupe, imepangwa kwa ukubwa kuanzia ya kutwangia kitunguu saumu hadi ya kutwangia mahindi ya harusi. Mjomba akasimama kila mahali, kama alivyoahidi. Nilianza kuhofia kwamba Handeni tutafika kesho.

Vibao vya vijiji navyo vinachekesha kwa namna yake. Uziguani kijiji kisichoanza na Kwa au Kwe kinaonekana kimehamia. Kwamatuku, Kwaluguru, Kwamgwe, Kwachaga, Kwenjugo, Kwamkono, Kwediboma, Kwekivu. Tulibuni mchezo: atakayeona kibao cha jina lisiloanza hivyo ndiye anayenunuliwa chai. Mjomba alishinda kwa kibao cha Chama.

Kitu kingine kinachoonekana barabarani huku ni madumu ya maji. Yako juu ya baiskeli, juu ya pikipiki, kwenye mikokoteni ya punda, ya njano mengi, mengine yamezeeka mpaka hayana rangi. Kiu ya Handeni ni ya siku nyingi. Miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi huku. Watu wanauita HTM hadi leo, na kila mtu mzima niliyezungumza naye aliutaja kwa herufi hizo tatu, wengine kwa heshima, wengine kwa mguno. Kati ya mgao mmoja na mwingine watu waliishi na malambo. Dumu basi hapa lina thamani yake ya kijamii. Nilimuona kijana amebeba madumu manane kwenye pikipiki moja, manne kila upande, anapanda kilima huku anaongea na simu aliyoichomeka ndani ya kofia ngumu.

Mji wa Handeni, yaani Chanika, hukukaribisha kwa vumbi jekundu na watu wasio na haraka. Tulipata lojingi safi, tukapata chakula. Bada lilikuwa la moto, samaki wa nazi alikuwa mmoja tu kwa wawili, na mama ntilie alipomsikia mjomba akilalamika alimwambia, "Baba, bahari iko Pangani. Huyu samaki naye ni mgeni kama ninyi." Mjomba alimlipa na chenji akamwachia.

Nilikuwa na shauku na jambo moja ambalo naona aibu kidogo kulitaja. Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, popote penye nguzo ya umeme, utakuta kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mkono: mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Handeni, anarudisha mpenzi, anavuta wateja, namba ya simu hii hapa. Nilitarajia Handeni kwenyewe nguzo zote ziwe zimejaa. Nilizunguka mji jioni nzima. Nikaona kibao kimoja tu, na mganga wake alijitangaza kuwa ametoka Sumbawanga. Muuza vocha aliyeniona nimekisimamia alinihurumia. "Wa hapa atajitangaza kwa nani?" akaniuliza. Mkoa huu wa Tanga haukuona haya kumpeleka mganga bungeni: marehemu Stephen Ngonyani, Profesa Maji Marefu, aliyekuwa mbunge wa Korogwe Vijijini kuanzia 2010 hadi alipofariki Julai 2018, alikuwa maarufu kwa uganga wa jadi kabla hajawa maarufu kwa maswali ya nyongeza.

Kijana wa bodaboda aliyenirudisha lojingi ndiye aliyenitajia Chogo. Hapo nikakumbuka kisa ambacho kingetosha kuifanya Handeni iwe na makumbusho yake, kama tungekuwa watu wa kujenga makumbusho. Katika karne ya 19, nyakati za njaa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nchi hii hadi pwani na kusafirishwa kwa majahazi hadi Benadir, Somalia, wakauzwa utumwani. Baadhi walitoroka, wakajichimbia katika misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na Kizigua chao wakakishika kwa vizazi na vizazi. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wakawa wakimbizi. Maelfu kadhaa walifika Tanzania, na hapa wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hii hii, wakapewa ardhi. Wengi baadaye wakapata uraia. Wenzao waliobaki kwenye kambi za Kenya, zaidi ya 12,000, walipelekwa Marekani kuanzia miaka hiyo hiyo, na leo Kizigua kinasemwa katika miji ya baridi kali kama Lewiston, jimbo la Maine.

Fikiria safari hiyo. Babu anaondoka kwa minyororo, mjukuu wa mjukuu anarudi na kitambulisho cha mkimbizi, anafika sokoni anauliza bei ya mahindi kwa lugha ya babu, na muuzaji anamjibu. Sidhani kama kuna watu wengi duniani waliochukua njia ndefu kiasi hicho kurudi wilayani kwao.

Asubuhi tulishika barabara ya Korogwe, kilomita 65. Hii nayo ni lami, na ni nzuri kuliko ile ya Mkata, maana kadiri unavyokwenda ndivyo milima ya Usambara inavyojitokeza mbele yako, kwanza ukungu, kisha ukuta wa bluu, kisha mabonde na mashamba unayoweza kuyahesabu. Kwenye kata ya Misima inakuja njia ya Msomera, kijiji kilichosikika nchi nzima tangu Juni 2022, wafugaji kutoka Ngorongoro walipoanza kuhamishiwa huko katika nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa kwa ramani moja. Serikali ilisema wanahama kwa hiari; wapo Wamaasai na watetezi wao waliopinga vikali, na mabishano hayo hayajaisha. Sisi tuliona tu wanaume watatu wenye shuka nyekundu kwenye kivuli cha mwembe, wamekalia viti vya plastiki, wanasubiri Noah ya kwenda mjini. Mjomba akawapungia yeye, kwa mara ya kwanza katika safari ile. Nao wakapunga.

Sasa njoo kwenye reli. Unaposafiri kati ya Handeni na Korogwe huoni reli yoyote, na ndiyo sababu sikujua la kujibu mjomba aliponieleza kwamba hapa palikuwa na treni ya kusukumwa kwa mikono. Nilifikiri ni porojo za kijiwe cha madereva. Ni kweli tupu. Wajerumani walikuwa na reli mbili zisizoonana, ya Usambara iliyoanza Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe 1902 na Moshi 1911, na ile ya Kati iliyotoka Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, askari na risasi zilipaswa kutoka reli moja kwenda nyingine. Wakachukua vipande vya vijireli vya mashambani, vyembamba, wakavilaza kutoka Mombo hadi Handeni. Juu yake yalipita matoroli, na waliosukuma ni Waafrika. Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliteremka bonde la Pangani, yakapigana na Wajerumani Mkalamo, yakatwaa Korogwe, kisha Handeni, mambo yote ndani ya mwezi mmoja. Toroli likaishia hapo. Reli mbili zile zilikuja kuunganishwa mwaka 1963, kutoka Ruvu hadi Mruazi, na Handeni ikaachwa nje.

Nikaanza kuona mtindo. Nchi hii kila zama inapitwa na kitu kinachokwenda mahali pengine: misafara, matoroli, mabasi ya Arusha, na sasa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443 na katika mkoa huu linakatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, hivyo inabidi yapashwe moto njiani yasigande. Mjomba alinionesha kwa kidole upande linakopita. "Hilo nalo," akasema, "halitasimama kununua machungwa."

Mto Pangani tuliuvuka maji yakiwa ya kahawia na mengi. Ng'ambo kuna Korogwe. Njia ya kutoka milima ya Nguu, kukatiza Uzigua, kuvuka mto na kupanda Usambara, ndiyo inayosimuliwa katika Habari za Wakilindi, kitabu alichoandika Abdallah bin Hemedi: Mbegha, mwindaji nguruwe aliyekimbia kwao Nguu pamoja na mbwa wake, akafika Usambara akiwa mgeni mwenye nyama ya kugawa, akaishia kufanywa mtawala. Naona yeye ndiye mpita njia aliyefanikiwa kuliko wote waliowahi kupita huku.

Korogwe tulikaa, tukatembea kwa miguu, na niseme wazi kwamba mji ule umeonewa na mabasi. Manundu kuna soko lenye kila kitu, stesheni ya zamani bado ipo na reli yake, treni ya abiria ya Dar es Salaam na Kaskazini ilirudi mwishoni mwa 2019 baada ya kulala miaka mingi. Na kuna jambo ambalo lingestahili kibao kikubwa barabarani kuliko vyote nilivyoviona. Chanjo ya kwanza ya malaria duniani kupendekezwa kwa watoto, ile RTS,S iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, kabla ya hapo ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Tanzania ilikuwa na viwili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa mji huu, na mama zao waliokubali, wamo ndani ya sindano wanayodungwa leo watoto wa Ghana na Malawi. Sisi tunaukumbuka kwa chipsi.

Mkonge ndio unaoizunguka Korogwe pande zote. Mistari imenyooka hadi macho yachoke, Ngombezi, Magunga, Kwamdulu, Mazinde. Niliusoma shuleni kama zao la biashara na sikuwahi kuusogelea. Mmea mmoja unakaa miaka mingi bila kutoa ua, kisha siku moja unapandisha mlingoti mrefu kuliko nyumba, unachanua, unaangusha vitoto vyake chini, unakufa. Milingoti mikavu wenyeji wanajengea mazizi na kuezekea. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Hadithi inayopendwa ni kwamba ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa, kwa sababu Mexico haikutaka mkonge wake utoke. Kuhusu mamba sitaapa. Lakini kutokana na miche 62 Tanganyika ikawa mzalishaji mkuu duniani, na mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei zikaanguka, mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na uzalishaji ukateremka kwa miaka mingi hadi juhudi za karibuni za kuufufua.

Tulisimama karibu na korona, yaani mtambo wa kuparua majani. Hapo huhitaji kibao, kwani harufu inakuita kutoka mbali, nzito na chachu, na majitaka ya kijani yanatiririka mferejini. Baada ya harufu unaona singa zimeanikwa kwenye waya uwanja mzima, nyeupe, zinapeperuka, na kina mama wakizigeuza. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi pembeni alituambia baba yake alikuja kama manamba kutoka Songea, alikuja kwa mkataba wa kazi akasema anarudi. "Yuko pale," akaonesha makaburi nyuma ya kambi. Manamba walitoka Songea, Kigoma, Msumbiji, Burundi, na watoto wao ndio Korogwe hii. Shikamoo zao zina lafudhi za mikoa mitano.

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40, milima kulia kwako, uwanda wa joto kushoto. Mombo ndipo mabasi mengi yanaposimama siku hizi, katika mkahawa mkubwa uitwao Liverpool. Usicheke, ukimwambia mtu wa Moshi "tukutane Liverpool" hatafikiri Uingereza. Nilitaka kuona jinsi mahali panavyofanya kazi, nikakaa kona na chai. Basi linaingia, milango inafunguka, watu sitini wanamwagika, na kila mmoja ana shida tatu kwa wakati mmoja. Wahudumu wanapokea oda kabla hujafika kaunta. Nje wachuuzi wamebeba matunda ya Lushoto kwenye beseni: plamu, mapea, pichesi, karoti zenye majani yake, zote zimeteremka asubuhi ile ile kutoka kwenye ubaridi wa juu, na hapa chini zinatoa jasho. Honi inalia. Dakika chache baadaye pamebaki mifupa ya kuku na ukimya, kisha basi jingine linaingia. Niliangalia hivyo mabasi mengi zaidi kuliko nilivyokusudia, chai ikapoa.

Mbele ya Mombo kuna Mkumbara, ambapo hata mjomba hakuwahi kuwa na sababu ya kusimama. Hapa ndipo ilipoishia kamba ya angani ya Wajerumani. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilitandaza nyaya za chuma kiasi cha kilomita 9, kutoka msitu wa Shume huko juu hadi kwenye reli huku chini, na magogo ya mwangati yakawa yanaelea juu ya mabonde hadi stesheni. Nilisimama kando ya lami nikautazama ukuta ule wa mlima, nikajaribu kuipanga kamba hewani kwa macho. Shingo iliuma. Muuza mahindi ya kuchoma aliuliza tunatafuta nini, tukamwambia, akatazama juu naye. Tukawa watatu tunaotazama kitu kisichokuwepo. Gari dogo likasimama nyuma yetu, dereva akashuka akauliza kuna nini. Akanunua mahindi mawili.

Mazinde ndiyo ilikuwa kituo chetu cha mwisho upande ule. Ukipita mbio unaona mkonge na nyumba. Lakini katika karne ya 19 mahali hapa palikuwa mlango wa nchi. Mfalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, alikaa Vuga, juu mlimani, kama walivyokaa wazee wake. Mwanawe Semboja alikuwa na macho ya kibiashara: alishuka akajenga huku bondeni, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umaasaini. Msafara ukifika Mazinde ulisimama. Ulitoa hongo, vitambaa na bunduki na baruti, ndipo ukaruhusiwa kupita na kununua chakula. Kimweri alipofariki mwaka 1862 na ufalme ukagawanyika kwa vita, nguvu zilikuwa zimekwisha kuteremka kutoka Vuga hadi kandokando ya njia, kwa Semboja, na bunduki zake zilitokana na wapita njia. Alikufa 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kufika na ushuru wao wenyewe.

Mjomba alisikiliza kisa hicho huku akimenya plamu kwa meno. "Kwa hiyo Liverpool ni ya Semboja," akasema.

Tulirudi bila kusimama hadi Segera, jambo ambalo kwa mjomba ni adhabu. Njia panda ya Segera, ya kwenda Tanga, ina kelele na korosho na mayai ya kuchemsha, na tuliipita. Jua lilikuwa limeinama tulipofika Michungwani, na hapo akapata haki yake yote kwa mkupuo. Julai ni msimu. Machungwa yamejaa kila upande wa lami, kwenye meza, kwenye ndoo, kwenye nyavu zinazoning'inia kwenye vijiti, ya kijani na bado matamu, maana ya huku hayangoji kuwa ya njano ili yaive. Malori ya Kenya yalikuwa yanapakia pembeni. Kila meza ina piramidi lake, na kila piramidi limejengwa kwa vipimo, kubwa chini, dogo juu, moja likiwa limekatwa katikati ili uone maji yake.

Mjomba alichagua meza yenye piramidi refu kuliko yote.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni machungwa."

Mjomba akauliza bei ya ndoo, akasema ni ghali, akaambiwa petroli nayo ni ghali, wakaenda hivyo mpaka wakakutana katikati. Akanyoosha mkono kuanza kuchukua kutoka kwenye piramidi. Mama yule akampiga kofi dogo mkononi.

"Hayo acha, baba. Hayo ni ya kusimamisha magari." Akainama, akavuta gunia kutoka chini ya meza, akaanza kujaza ndoo kwa machungwa madogo, yenye makovu, mengine yana vumbi la shamba. "Ya kula ni haya. Onja kwanza."

Alikata moja kwa kisu. Mjomba akalinyonya mpaka ganda, akatema mbegu kwa adabu pembeni ya lami, akaagiza ndoo ya pili. Hadi Mkata ikabidi tuyapakate, kwa sababu mlango wa nyuma ulikataa kufunguka hata kwa mwenyewe.